Re: Utando wa mwani unapasuka ukikauka

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nimekuelewa: unachemsha mwani wa Jambiani upate utando wa kufungia sabuni badala ya nailoni, lakini ukikauka unapasuka kingo, na ukiguswa na maji unalainika na kuyeyuka. Hayo ni matatizo mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Angalia kwanza ni mwani gani. Unguja wengi tunalima aina iitwayo spinosamu, maana aina ya pili, kotoni, hufa maji ya bahari yakipata joto. Spinosamu hutoa karajinani (ule ute wa mwani unaoganda kuwa jeli) ya aina ya ayota, jeli yake laini, inanyumbuka. Ya kotoni ni aina ya kapa: ngumu, lakini inakatika. Kama umetumia kotoni tupu, kupasuka si ajabu. Ili utando unyumbuke, tia gliserini ya duka la dawa, kidogo kidogo. Ikizidi, utando unanata vidoleni na kuvuta unyevu wa hewa, na masika unaijua ilivyo. Kausha kivulini, juani kingo hukauka kabla ya kati, ndipo zinapojikunja na kuchanika. Ukiona unga mweupe juu yake, hiyo ni chumvi, mwani haukuoshwa vya kutosha.

Kuyeyuka ni tabia ya karajinani yenyewe, inapenda maji. Watafiti siku hizi wanaichanganya na nyuzi ndogo mno za mimea, au wanaipaka nta. Mimi nimejaribu nta ya nyuki tu, upande mmoja: tone la maji linakaa juu kwa muda, ila kulowekwa haivumilii. Sabuni kavu sawa, samaki wabichi usithubutu.

Hebu tuambie, ulitumia mwani upi?