Karakana Ndogo na Chuo Kikuu: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Kupunguza Hewaukaa

Maswali ya safu hii yametoka kwa wenye biashara ndogo wanaofanya kazi na vyuo vikuu, au wanaotaka kuanza. Tumeyachagua yale ambayo jibu lake linaweza kupimwa kwa mita, mizani au saa. Mawazo mengi mazuri ya kupunguza hewaukaa (kaboni dioksidi) hufia njiani kwa kukosa kipimo kimoja tu, na hilo linatuuma.

SWALI: Nina karakana ya vyuma yenye wafanyakazi tisa. Nataka chuo kinisaidie kupunguza umeme, lakini sijui nibishe mlango wa nani.

JIBU: Usianze na barua kwa mkuu wa chuo. Vyuo vingi vina ofisi ya ubia na viwanda au ya uhawilishaji teknolojia, yaani kupeleka ujuzi wa chuo kwa wanaoutumia. Kama haipo, mtafute mratibu wa miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika idara ya uhandisi wa mitambo au umeme. Kila mwaka mtu huyu hutafuta matatizo ya kweli ya kuwapa wanafunzi wake.

Mpelekee ukurasa mmoja: unazalisha nini na kiasi gani kwa mwezi, bili za umeme na mafuta za miezi 12, orodha ya mashine na kilowati zilizoandikwa kwenye kibati cha kila mota, saa zinazowashwa, kisha swali moja. "Tusaidieni tutunze mazingira" halimpi mwanafunzi pa kuanzia. "Kwa nini usiku, kila kitu kikiwa kimezimwa, mita bado inasoma kilowati 4?" linampa, na akiwa makini atalifumbua ndani ya wiki mbili.

Pima pia swali lako kwa muda wa msomi. Mradi wa shahada ya kwanza unatosha kupima na kupendekeza. Wa uzamili unaweza kufikia kujenga na kujaribu. Uzamivu huchukua miaka mitatu au zaidi, hivyo usiupe tatizo linalokukaba mwezi huu.

Ushirikiano wa aina hii una mizizi mirefu. Marekani, kuanzia 1976, walimu na wanafunzi wa uhandisi walipelekwa kupima matumizi ya nishati kwenye viwanda vidogo na vya kati bila kuvitoza. Uingereza kulizaliwa mwaka 1975 mpango ambao mhitimu hukaa ndani ya kampuni kwa mradi mmoja huku mhadhiri akimsimamia. Mahali pasipo na mpango rasmi, mkataba wa kurasa mbili unaotaja kazi, muda, nani analipia vifaa na nani anamiliki matokeo unatosha kuanza.

SWALI: Wanafunzi waliokuja walikwenda moja kwa moja kwenye kompresa ya hewa, wakaiacha taa na mashine kubwa ya kukunja bati. Je, hawakupotea?

JIBU: Hawakupotea hata kidogo. Hewa iliyoshindiliwa ni nishati ghali kuliko karibu zote ndani ya karakana, na huvuja bila kumwaga tone wala kutoa harufu. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye shinikizo la bar 7 hupoteza takriban lita 10 za hewa kwa sekunde, yaani kilowati 3 hadi 4 kwenye mota. Kompresa ikiwa imewashwa saa 4,000 kwa mwaka, tundu hilo moja hula kilowati-saa 12,000 au zaidi.

Kipimo chenyewe unaweza kukifanya bila chuo, kwa saa ya mkononi, kama kompresa yako ni ile inayojaza hewa kisha ikapumzika. Ngoja wafanyakazi watoke. Zima kila chombo kinachotumia hewa lakini acha valvu za mabomba wazi ili yote yabaki na hewa. Washa kompresa na uandike sekunde inazojaza na sekunde inazopumzika, kwa mizunguko mitano au zaidi. Gawanya muda wa kujaza kwa jumla ya muda wote. Ikijaza sekunde 90 na kupumzika 210, umepata 90 kwa 300: asilimia 30 ya uwezo wa kompresa inaishia kwenye matundu. Karakana isiyotunzwa hufika hapo kwa urahisi. Lengo la kweli ni chini ya asilimia 10.

Kisha chukua maji ya sabuni na brashi. Anza na viunganishi vya haraka, mipira iliyozeeka, valvu za kutolea maji chini ya tangi na nyuzi za geji. Bomba refu la chuma lenyewe huvuja mara chache. Weka kibandiko chenye namba kila panapotoa povu, ziba, kisha rudia kipimo. Rudia tena baada ya miezi mitatu, maana mtetemo hulegeza viungo na uvujaji hurudi. Hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi huharibika: hupima mara moja, huandika ripoti nzuri, na hakuna anayerudi.

Ukimaliza matundu, shusha shinikizo. Kila bar moja unayopunguza huokoa takriban asilimia 6 hadi 7 ya umeme wa kompresa. Ishushe nusu bar kwa wiki, ukisikiliza chombo kipi kinalalamika kwanza. Mara nyingi utakuta kimoja tu ndicho kilichokuwa kikidai shinikizo la juu, na dawa yake ni mpira mpana zaidi.

Waombe wanafunzi jambo moja: wasipime ampea peke yake. Kompresa inapopumzika huku mota ikizunguka, ampea hubaki juu kiasi ilhali nguvu halisi imeshuka sana, kwa sababu kipengele cha nguvu (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) cha mota isiyo na mzigo ni kibovu. Kifaa cha kurekodi kifungwe fezi zote tatu, kikiwa na nyaya za volti, na kirekodi kila sekunde chache. Kikirekodi kila dakika 15, mzunguko wa kompresa hauonekani kabisa. Na klampu (kipimaji kinachobana waya) iliyofungwa kinyume husoma nguvu hasi. Tumewahi kuona jumla ya fezi tatu iliyopungua theluthi mbili kwa kosa hilo, na ripoti ikapita.

SWALI: Tunatengeneza vigae vya zege vya kutandika njia. Chuo kilitufundisha kubadilisha asilimia 30 ya saruji kwa udongo uliochomwa. Maabara walipata nguvu ya megapaskali 24 kabla zege halijavunjika, sisi uwanjani 13. Wametudanganya?

JIBU: Hapana, na tafadhali msiiache kazi hii, kwa sababu inagusa kiini cha tatizo. Jiwe la chokaa linapochomwa kutengeneza klinka, yaani punje zinazosagwa kuwa saruji, kila tani ya jiwe safi hutoa kilo 440 za hewaukaa kutokana na kemia yake yenyewe, kabla hujahesabu mafuta ya tanuri. Huwezi kuikwepa kwa jua wala umeme safi. Unaikwepa kwa kutumia klinka kidogo. Ndiyo maana watafiti wa EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne, Uswisi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Las Villas cha Cuba na vyuo vya India, walitengeneza saruji yenye klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, chokaa mbichi 15 na jasi 5. Hupunguza hewaukaa kwa hadi takriban asilimia 40. Njia mnayopita ni jirani ya hiyo.

Mtuhumiwa wa kwanza ni maji. Udongo uliochomwa una chembe laini mno na hunywa maji, hivyo zege huwa zito na fundi huongeza ndoo. Juu ya hilo kuna maji yaliyojificha mchangani. Chukueni mchanganyiko wa kilo 50 za saruji na udongo, wenye kipimo cha maji cha nusu ya uzito huo, yaani lita 25. Kama mchanga ni kilo 150 na una unyevu wa asilimia 5, tayari umebeba lita 7.5. Fundi akimimina zile 25 kamili, kipimo kimepanda hadi 0.65, na nguvu imeanguka hapo hapo. Kila asubuhi pimeni gramu 1,000 za mchanga, zikaangeni zikauke, mpime tena. Zikibaki 950, mnajua cha kupunguza. Zege likibaki zito, ongezeni kemikali ya kulainisha zege kwa kipimo cha mtengenezaji. Ndoo ya maji ikae mbali. Na pimeni vitu vyote kwa mizani, kwa kuwa debe la udongo uliochomwa ni jepesi kuliko debe la saruji.

Mtuhumiwa wa pili ni tanuri. Udongo wa kaolini, madini yanayoupa udongo uliochomwa uwezo wa kushikamana, unataka nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi. Tanuru ndogo ya maabara hufika joto hilo kila upande. Rundo la nusu tani halifiki. Pembeni hupita nyuzi 950 na udongo hupoteza uwezo wake wa kushikamana, katikati hubaki mbichi. Kipimajoto kichomekwe ndani ya udongo wenyewe, pembeni na katikati, kisifungwe ukutani. Rangi isiwadanganye, maana hutokana zaidi na chuma kilichomo. Wapeni maabara sampuli kutoka sehemu tano za rundo: wazikaushe kwa nyuzi 105, wazipime, wazichome tena kwa 750, wazipime. Kaolini safi mbichi hupoteza karibu asilimia 14 ya uzito wake. Sampuli inayoendelea kupoteza uzito haikuiva. Iliyoungua kupita kiasi haitaonekana kwa njia hii. Hiyo hujulikana kwa kuvunja vipande vya majaribio.

Mwisho ni unyevu baada ya kumwaga. Udongo huu hufanya kazi yake polepole na huhitaji maji siku zote hizo. Funikeni kwa nailoni na mlowanishe kwa siku 7, zikiwa 14 ni bora. Kisha mwageni michemraba 12 kutoka ndoo ile ile: mitatu ivunjwe siku ya 3, mitatu ya 7, mitatu ya 28, yote ikitunzwa majini maabara, na mitatu ikae uwanjani kando ya vigae hadi siku ya 28. Ya maabara ikiwa na nguvu na ya uwanjani dhaifu, tatizo ni utunzaji. Zote zikiwa dhaifu, rudini kwenye maji na tanuri.

SWALI: Mtaalamu wa chuo anasema chumba changu cha baridi kinachafua hewa kuliko gari langu la mizigo. Mwingine ananishauri nijaze propeni badala ya gesi ya kupoozea iliyopo, R404A.

JIBU: Wa kwanza anaweza kuwa sahihi kabisa. Kilo moja ya R404A ikivuja hupasha dunia joto sawa na takriban tani 3.9 za hewaukaa. Lita moja ya dizeli hutoa kama kilo 2.7, kwa hiyo kilo hiyo moja ni sawa na kuchoma karibu lita 1,450. Angalia daftari la fundi wako: umeongeza kilo ngapi mwaka uliopita? Kiasi hicho ndicho kilichovuja.

Wa pili usimsikilize. Propeni, inayoitwa R290, ni gesi nzuri na athari yake kwa tabianchi ni ndogo mno, lakini inawaka. Mashine ya R404A ina swichi na rilei zinazotoa cheche, na inabeba kilo kadhaa za gesi. Mashine ndogo za biashara zilizoundwa kwa propeni kwa muda mrefu zilikuwa na kikomo cha gramu 150 kwa mzunguko mmoja wa mabomba ya gesi, na kiwango cha kimataifa cha usalama kilichorekebishwa 2019 kiliruhusu hadi karibu gramu 500 kwa masharti. Hapo utaona umbali uliopo. Ziba uvujaji, safisha kondensa (koili inayotoa joto nje), badilisha mipira ya mlango, na siku ya kununua mashine mpya nunua iliyotengenezwa kwa propeni au kaboni dioksidi tangu kiwandani.

SWALI: Tukibuni kitu pamoja, ni cha nani?

JIBU: Ni cha yule aliyetajwa kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza. Orodhesheni kila upande ulikuja na nini, kisha nani atamiliki kitakachozaliwa. Mwanafunzi asaini pia, kwa sababu mara nyingi si mwajiriwa wa chuo. Na kuna mtego mmoja: katika nchi nyingi, ukishatangaza uvumbuzi hadharani umepoteza haki ya hataza, yaani ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi. Tasnifu iliyowekwa maktaba ni tangazo. Bango la maonyesho pia ni tangazo. Wekeni ombi la hataza kwanza. Baada ya hapo mna miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine mkihifadhi tarehe ile ya kwanza.

SWALI: Chama chetu cha wafanyabiashara kinataka kutoa tuzo kwa ubunifu wa kupunguza hewaukaa uliofanywa na biashara ndogo na vyuo. Tutahukumuje kwa haki?

JIBU: Fanyeni hivyo, tena kwa shangwe. Watu hawa hufanya kazi ngumu bila kuonekana. Ila msipokee "tumepunguza umeme kwa asilimia 25" bila kuuliza uzalishaji. Kiwanda kilichotumia kilowati-saa 60,000 kwa tani 200 kilitumia 300 kwa tani. Mwaka uliofuata kikatumia 45,000 kwa tani 140: bili imeshuka robo, lakini sasa kila tani inakula 321. Kimerudi nyuma.

Dai miezi 12 kabla na 12 baada, kwa kila tani au kipande kilichozalishwa. Dai jina la aliyepima na kifaa alichotumia. Mwamuzi mmoja aende kiwandani bila miadi na aangalie kama kifaa kimewashwa, hasa pale ambapo mwanafunzi ameshahitimu na kuondoka. Mwulize fundi wa zamu, sio meneja, akieleze kinavyofanya kazi na kikiharibika anafanya nini. Akiweza kueleza, huo ubunifu umeota mizizi.

Wekeni pia nafasi ya jaribio lililoshindwa na kuandikwa kwa uaminifu, pamoja na vipimo vyake. Na jukwaani waiteni watatu: mwenye biashara, mwanafunzi, na fundi aliyeshika spana.