Hiyo Conan usianze moja mpaka mwisho, mwenzio nimelipia ujinga huo

Mkuu simama hapo hapo. Umeandika unatafuta anime (katuni za Kijapani) za polisi, wapelelezi na mafia, zipi za kuangalia na mdogo wako wa miaka 12, utafute zenye sauti ya Kiingereza au maandishi chini, sawa. Ila kilichonitoa usingizini ni pale uliposema umejiunga bando la mwezi na umeshashusha Detective Conan epi 60 za mwanzo, unataka uende nazo moja moja "bila kuruka". Aliyekushauri namjua. Yaani simjui, lakini ni yule yule aliyenishauri mimi, hawa watu ni mmoja wanabadilisha tu picha ya profaili.

Hiyo kitu imeanza kurushwa Januari 1996 na mpaka leo inaendelea, imeshapita epi 1,100. Elfu moja na mia moja mkuu! Dogo Conan alikuwa darasa la kwanza mimi sijaanza hata chekechea, nimemaliza la saba, fomu foo, chuo, nimeoa, yeye bado yuko la kwanza na kibegi chake mgongoni.

Mimi niliuliza swali kama lako kwenye grupu moja la Telegram, mjuaji mmoja akanijibu usiruke hata moja, kila kesi ni kipande cha fumbo, mbele huko vyote vinaungana. Haviungani! Lundo la zile epi hazimo hata kwenye manga (vitabu vya katuni) ya mtunzi wake Gosho Aoyama, wametunga wenye anime yao ili wiki isipite bure. Mtu kafia hotelini, washukiwa watatu, mzee Kogoro, mpelelezi anayekaa na Conan, anachomwa sindano ya usingizi ya kwenye saa ya dogo, dogo anajificha nyuma ya kochi anaongea kwa sauti ya mzee kupitia tai yake ya kubadili sauti, muuaji anapiga magoti analia anasimulia alivyodhulumiwa, kesho wanakuja watu wengine kabisa wanafia hoteli nyingine. Kuna siku niliangalia sita mfululizo nikatamani hiyo sindano nichomwe mimi.

Ubaya ni kwamba epi ya kwanza inakushika kweli. Mtu anakatwa kichwa kwenye ile treni ya kupanda na kushuka ya bustani ya michezo, kijana mpelelezi Shinichi anamuumbua muuaji, halafu kiherehere kinamtuma amfuate jamaa wa suti nyeusi wa genge la siri, mwenzake Gin anamtokea kwa nyuma anamtwanga, anamlisha kidonge, kijana anaamka ni mtoto, ndiye huyo Conan. Hapo unasema leo silali, nataka nilione hili genge. Unasubiri genge. Epi ya kumi, ya hamsini, genge linachungulia kidogo linapotea kama mdeni. Mtu wa kwanza wa genge anayekuja kubaki ndani ya stori anaingia epi 129.

Sasa hiyo 129 ndiyo iliyoniua. Bando langu lilikuwa halitoshi, nikaenda kwa jamaa anayejazia watu muvi kwenye flashi, nikampa diski yangu na elfu arobaini aniwekee zote mpaka 500. Nimekokota miezi mitano. Dukani nasinzia, mteja kaondoka na chaja mbili mbele ya macho yangu, mimi niliyetoka kuangalia wauaji mia wakikamatwa, na mwizi wangu sijamjua mpaka leo. Jumamosi nikafikia 129, nimenunua mihogo na chachandu, nimewaambia nyumbani asinisemeshe mtu, nafungua... mtu kafia bafuni. Kesi ya kawaida! Kumbe kuna namba za Japani na namba za nje. Zile spesho ndefu Japani wanahesabu epi moja, nje wanazikata vipande viwili vitatu vinne, kwa hiyo namba zinaachana. Yule bwana kachanganya mafolda mawili, nyingine zimejirudia, nyingine hazimo. Nimerudi kwake moto, ananijibu kwa upole kabisa, "kaka hesabu mafaili, si yapo mia tano?" Yapo kweli. Nilihesabu palepale kama mjinga.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza plei uliza: ina epi ngapi, na je, imeisha? Yote mawili! Maana nilipokoma na ndefu nikakimbilia fupi, Gangsta ya 2015, epi 12 tu, majambazi na polisi wala rushwa, tamu balaa, inakatika katikati na studio yake Manglobe ikafilisika mwaka huo huo. Majina ya watengenezaji yanapanda kwenye skrini we umekaa kama abiria aliyeachwa stendi na mabegi yake.

Mafia unataka? 91 Days ya 2016, epi 12, Marekani enzi pombe imepigwa marufuku, kijana anatumiwa barua yenye majina ya walioua familia yake, anajipenyeza kwao kama rafiki. Na imeisha, we acha. Polisi, Psycho-Pass sizoni ya kwanza, epi 22, bunduki inampima mtu kwanza kiwango chake cha uhalifu, namba yake ikiwa chini ya 100 traiga inagoma. Sizoni ya pili sitaki kuizungumzia. Monster ni epi 74 ila ina mwisho wa maana, daktari Tenma kule Düsseldorf anamuokoa mtoto kwenye upasuaji, miaka inapita anagundua kaokoa muuaji, na polisi wanamshuku yeye. Kuna Inspekta Lunge anachezesha vidole hewani kama anachapa kompyuta kila anapotaka kukumbuka jambo, niliiga wiki nzima, mke wangu akaniuliza kama nimeanza kujifunza kinanda kanisani.

Conan kama roho inakuuma, angalia ya 1, halafu 128 na 129, halafu ile spesho ndefu ya genge, ya 345, namba za JAPANI, nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Hizo 60 ulizoshusha futa 59. Na bando limebaki ngapi?