Muulize Fundi: Datsun 240Z ya lita 3.1 na giaboksi ya mjomba

SWALI: Shikamoo mzee. Mjomba aliniachia Datsun 240Z ya 1971, usukani kulia, giaboksi ya gia tano ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Injini ndo imechoka, inakula oili kuliko petroli. Jamaa yangu ana kranki ya Nissan Laurel ya dizeli, anasema tukiifunga tunapata lita 3.1. Mafundi wa hapa wananicheka eti giaboksi haimalizi wiki, niweke ya gari la kisasa. Mi sitaki, mjomba alikuwa anaiosha ile giaboksi kwa mafuta ya taa kama mtoto. Nifanyeje? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mjomba kama ametangulia, hukusema. Kwanza ujue umerithi gari lenye historia huku kwetu, maana 240Z ndo ilishinda Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, na hiyo ya 1973 alifungana pointi na Datsun nyingine ikabidi watafute nani alichelewa kuanza kupoteza pointi. Kwa hiyo wanaosema gari hili halivumilii shida wamechelewa kuzaliwa.

Sasa injini. Jamaa yako hadanganyi ila hajakwambia yote. Injini yako ya asili, L24, ina bore (upana wa silinda) ya 83 mm na stroki (safari ya pistoni) ya 73.7, ndo unapata cc 2,393. Kranki ya ile dizeli, LD28, ina stroki ya 83, maana yake pistoni inasafiri 9.3 mm zaidi kila ikishuka. Lakini ukiifunga kwenye bloku yako ya L24 hupati 3.1 hata ulie, kuta za silinda zake hazitoshi kutanuliwa hivo. Unatafuta bloku ya L28, ndugu yake wa lita 2.8, ambayo bore yake inaanzia 86, unaibora mpaka 89, unaweka pistoni za injini ya KA24, zile za pikapu za Nissan Hardbody ambazo ni 89 toka kiwandani, na konrodi unachukua hizo hizo za L24 yako kwa sababu zina urefu wa 133 mm, za L28 ni fupi kidogo. Piga hesabu unapata cc 3,098. Ila kabla hujabora lazima bloku ipimwe unene wa kuta kwa kile kipimo cha sauti, sio kwa macho wala kwa kugonga na spana, 3 mm ni nyingi na nimeona bloku nzuri ikigeuka kopo la maua.

Bloku yako ya asili ifute oili, ifunge kwenye nailoni, iweke chini ya kitanda. Namba yake ndo thamani ya gari.

Mawili matatu ya kuangalia. Pua ya mbele ya kranki ya dizeli sio sawa na ya petroli, mtu wa leith lazima aikate ili gia ya cheni na puli zikae kwenye mstari, hiyo kazi mpe mtu unayemwamini. Ya pili, kwa hizo pistoni na konrodi, pistoni ikifika juu inachungulia nje ya bloku zaidi ya nusu milimita, kwa hiyo gasketi ya hedi nyembamba ni mwiko, watu wanaweka ya 2 mm. Na usirudishe hedi yako ya E31, najua unaipenda. Chemba yake ni kama cc 42, silinda moja sasa inavuta cc 516, ukijumlisha gasketi na kutoa ile sehemu pistoni inayochungulia, kwa pistoni bapa, unabaki na nafasi ya kama cc 51, kompresheni inagonga 11 kwa 1 na kwa petroli ya sheli zetu itagonga kweli kweli utasikia kokoto ndani ya injini. Hedi nyingine ya Nissan, P90, ina chemba ya cc 53.6, hesabu hiyo hiyo inakuleta kwenye 9.2, hapo unaendesha mpaka Moshi na kurudi bila wasiwasi.

Haya, giaboksi, ndo ulichouliza. Inafunga moja kwa moja, L24 na L28 matundu ya bolti kwa nyuma ni yale yale, hukati kitu huchomelei kitu. Je itavumilia? Kwenye jina la hizo giaboksi kuna namba 71, hiyo ni umbali wa milimita 71 kati ya shafti ya juu na ya chini, na umbali huo Nissan waliuendeleza kwenye giaboksi za L28 zilizokuja baadae, sio kidude cha gari la mayai. Kinachoua meno ya gia sio ukubwa wa injini peke yake, ni kishindo. Ukiachia klachi ghafla kwenye lami kavu na tairi pana, au ukapiga gia ya tatu kwa ngumi, basi hata ile ya kisasa unayoshauriwa itakufa. Ukiachia taratibu afu ukakanyaga gari likishashika, giaboksi inasikia msukumo sio nyundo. Mi naona mafundi wako wanaogopa mguu wako kuliko injini.

Oili ya giaboksi weka ya daraja la GL-4 tu. GL-5 ina dawa inayokula shaba ya singronaiza, na vipuri vya giaboksi za mwanzo kama yako kuvipata ni mtihani.

Kranki nayo igeuze uangalie nyuma, kama imetoka kwenye gari la otomatiki inaweza kuwa haina kile kibushi cha shaba kinachoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Ukisahau, shafti inacheza hewani na baada ya miezi beringi ya mbele inaanza kulia.

Na klachi, hapa nikae kidogo maana mimi mwenyewe nilinyolewa bila maji. Nilimfungia mteja presha pleti kubwa ya 240 mm badala ya ile ya kawaida ya 225, nikarudisha kola ya zamani, ile bomba fupi inayobeba rilizi beringi, si inaingia vizuri tu. Tukashusha gari, mguu wa klachi mpaka chini, gia zinasaga kama mashine ya unga. Nikabadilisha silinda ya klachi ya juu, nikabadilisha ya chini, nikatoa upepo mpaka mkono ukafa ganzi, wapi. Siku ya pili giaboksi chini tena, mzee mmoja wa gereji jirani akaja na rula, akanionyesha: kola inafuata presha pleti, haifuati giaboksi. Toka siku hiyo kabla sijapandisha napima kutoka uso wa flaiwili mpaka pale uma unaposhika kola, presha pleti ikiwa imeshakazwa na beringi imekaa, nataka iwe kama 92 mm. Dakika tano tu, na rula ya mtoto wa shule inatosha.

Difu usibadilishe mpaka uendeshe kwanza. Kama uwiano wa difu yako ni 3.9 na una gia ya tano, sawa. Kuna watu hupenda 3.364, ile iliyowekwa kwenye gari za Marekani zenye gia nne, ila gia ya tano ya spidi tano za baadae, 0.864, ukizidisha na 3.9 unapata 3.37, karibu kitu kile kile. Pale panapobadilika ni gia za chini, na kwa lita 3.1 utaona gia ya kwanza inaisha kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Kuhusu kukimbiza, L24 yako ilikuwa na mstari mwekundu kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Kwa stroki ya 83 pistoni inafikia mwendo ule ule kwenye kama 6,200, ishia hapo. Nguvu yake iko chini huko, hukosi kitu.

SWALI: Fundi, nina BMW 325i ya E30, nimepata kranki ya 81 mm na konrodi za 325e. Nitumie pistoni zangu za zamani? Giaboksi inabaki? (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Dada, giaboksi inabaki, hiyo Getrag 260 yako haitajua hata kama kuna kilichobadilika. Pistoni ndo tatizo. Stroki imeongezeka 6 mm, toka 75 hadi 81, nusu yake ni 3 inapanda, konrodi imepungua 5 toka 135 hadi 130, kwa hiyo pistoni inabaki 2 mm chini ya uso wa bloku. Kama yako ni ile ya kompresheni 8.8 itashuka kwenye 8 hivi, gari litaenda ila kivivu. Agiza pistoni zenye kichwa kirefu kwa hizo 2 mm, na ukipata bei nitumie na mimi, nina yangu inasubiri.