Usaili wa mchezo wa Krismasi: tuimbe nini?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Tunaishi Rau, hapa Moshi. Kuna kikundi kinaandaa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo kwa ajili ya Krismasi, hadithi ya ukoo unaopanda Kibosho kula sikukuu kwa bibi, na wanataka familia zijitokeze kwenye usaili. Tangazo linasema kila mtu alete wimbo wake, "baa 16 au usiozidi dakika moja", na nota za mpiga kinanda. Mimi nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika miaka mingi. Binti yangu ana miaka 11, Usiku Mtakatifu anaujua tangu chekechea. Kaka yake ana 14 na sauti imeanza kukwaruza. Tuchague nini? Na tukiimba watatu pamoja si ndiyo itapendeza zaidi? (Mama wa wawili)

JIBU: Mama, nianze na wewe, maana wanao nina wasiwasi nao kidogo kuliko nilio nao juu yako.

Chukua wimbo wowote mnaoupenda kwayani, uimbe alto yako, yaani hiyo sauti ya pili, peke yako huku ukimenya ndizi. Mara nyingi utajikuta umekaa so, so, so, fa, so, ukisubiri sauti ya kwanza ipande na kushuka. Kwaya bila wewe inapwaya, ni kweli, lakini wasaili wakikusikia hivyo watadhani umesahau wimbo. Nimekaa kwenye meza ya usaili nikamsikia mama mwenye sauti nzuri sana akiimba alto mwanzo hadi mwisho, kwa uaminifu kabisa, na mwenzangu akaninong'oneza: "Wimbo wenyewe uko wapi?" Kwa hiyo imba melodi. Na kwa kuwa melodi vitabuni imepangwa kwa sauti ya kwanza, ishushe. Kama kitabu kimeandika do ni F (huo ndio ufunguo, mahali do inapoanzia kwenye kinanda), jaribu do ni D, hata C. Hapo solfa, maandishi ya do, re, mi, ina neema yake: herufi za karatasi nzima hazibadiliki, unafuta ufunguo ulioandikwa juu tu na kuandika mwingine.

La pili kwako ni tabia ya kwaya yenyewe. Umefundishwa usisikike peke yako, na macho yako yamezoea mkono wa mwalimu. Jukwaani unazungumza na mtu. Tenzi nyingi zinasema "sisi": tunasifu, tunakuja, twaabudu. Tafuta wimbo ambao mtu mmoja anamwambia mtu mmoja jambo. Mama anayembembeleza mtoto, mke anayelalamika kuachwa, dada anayeaga kwao. Mchezo wenu una shangazi, wakwe, bibi anayengoja uani. Wasaili hawatafuti sauti tamu peke yake, wanatafuta shangazi. Wimbo wa bembelezi wa Kichagga uliousikia kwa bibi yako unafaa kabisa, uwe Kimachame au Kivunjo, mradi unajua kila neno linasema nini. Kijana akiimba Kichagga asichokielewa inaonekana usoni, na hapa Moshi mezani hakosi mtu anayekielewa.

Sasa hizo baa 16. Baa ni kijichumba kati ya mstari wima mmoja na unaofuata kwenye nota. Wimbo wenye mapigo manne kwa baa una mapigo 64 katika baa 16. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika hizo ni kama sekunde 38, na kwa mwendo wa pole wa 60 ni dakika moja na ziada kidogo. Kwa hiyo "baa 16 au dakika moja" ni karibu kitu kimoja, na ukiwa na wimbo wa pole utapita kidogo bila mtu kukasirika. Usihesabu utangulizi wa kinanda, wala usiulete. Baa moja ya kukupa mwanzo, basi. Na si lazima uanze beti la kwanza. Anza pale jambo linapogeuka, ambako anayeimba anaamua au anakata tamaa, halafu malizia kwenye mwisho halisi wa wimbo, usikatike katikati kama redio iliyozimwa.

Binti na Usiku Mtakatifu. Huu nausemea kwa sababu wazazi wanaudharau ugumu wake. Uliimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi mwaka 1818 huko Oberndorf, Austria, watu wawili wakiongoza kwa gitaa, na kwa kuwa unaenda polepole unaonekana wa kitoto. Lakini angalia mstari wa mwisho: unapanda hadi fa ya juu, kisha ndani ya baa chache unateremka hadi do ya chini. Hizo ni nota kumi na moja, zaidi ya oktavu (kutoka do hadi do inayofuata). Mtoto akijianzishia mwenyewe bila kinanda huanza juu, maana so ya mwanzo iko katikati na haimwonyeshi hatari iliyo mbele. Akifika kileleni anapiga kelele. Mpe do ni C, fa yake itakuwa F ya juu, ambayo mtoto wa miaka 11 aliyetulia anaifikia kwa sauti ya kichwa, ile nyembamba ya juu. Ukishusha hadi B bemoli (nusu hatua chini ya B) kilele kitakuwa rahisi, ila do ya mwisho itazama asisikike.

Hata hivyo ningeuweka huo kuwa wimbo wake wa akiba. Ni usaili wa Krismasi, nusu ya watoto watakuja nao, na mezani masikio yanachoka. Wimbo wa kwanza uwe wa kuruka kamba au wa mchezo wa shuleni, wenye swali na jibu na kidogo utundu. Maneno yatasikika, mwili utacheza wenyewe, na atakuwa mtoto, jambo ambalo mchezo wa familia unalihitaji. Bongo Fleva mwachie nyumbani. Maneno mengi ni ya mapenzi ya wakubwa, na ukiuondoa mdundo mara nyingi kinabaki kiitikio cha nota nne kilichorudiwa mara nane.

Kijana wa miaka 14 asiimbe kwa sauti aliyokuwa nayo mwaka jana. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila msimu, na mara nyingi linatokana na mama kukumbuka jinsi alivyoimba Pasaka. Sauti inapovunjika nafasi yake hupungua, kwa wengine hadi chini ya oktavu, na huhama wiki hadi wiki. Mkae kwenye kinanda, umwambie aongee jina lake kwa kawaida, utafute nota iliyo karibu na maongezi hayo. Wimbo wake uzunguke hapo, nota tano au sita tu, wenye maneno mengi kuliko melodi. Aandae funguo mbili, mmoja wa juu kidogo na mmoja wa chini, achague asubuhi ya usaili. Ikikatika katikati aendelee. Wasaili wote wanaume mezani yaliwapata.

Watatu pamoja? Hapana, isipokuwa tangazo limesema. Mkiimba pamoja wewe utarudi kwenye alto, binti atakutazama mdomoni, na kijana atanyamaza. Kila mtu aingie peke yake. Na wewe ukae nje ya mlango wakati wanaimba. Mama anayetamka maneno kutoka nyuma ya chumba humfanya mtoto ageuze shingo.

Nota zipelekwe duka la fotokopi zitolewe nakala upande mmoja, kurasa zibandikwe kwa gundi ya karatasi ubavu kwa ubavu, zisianguke. Weka alama ya kalamu nyekundu mahali pa kuanzia na pa kuishia. Wapiga kinanda wengi wa makanisani kwetu wanasoma solfa bila shida, lakini waulizeni waandaaji mapema wanayemleta anasoma nini. Kama ni wa nota za mistari, ufunguo mlioushusha lazima uandikwe upya, msimwombe aushushe papo hapo. Mwendo mwonyeshe kwa kumwimbia mstari wa kwanza kwa sauti ndogo, usimpigie vidole.

Na kila mmoja awe na wimbo wa pili. Wakisema "una mwingine?", mara nyingi maana yake wamependa cha kwanza na wanataka kukusikia upande mwingine: ukicheka kwanza, sasa huzunika.