Chombo kilicholala mchangani: kwa wanaoingia resi za kusi kwa mara ya kwanza

Masika yakianza kupungua, vijana wanaotaka kushindana kwa mashua na ngalawa za tanga hunifuata hapa ufukweni Nungwi, kaskazini ya Unguja, na suali moja: "Mzee, resi ya kwanza lini?" Nami huwauliza langu: chombo kimelala mchangani siku ngapi? Wengi hawana jibu. Ajali nilizoziona mwanzoni mwa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, karibu zote zilianza wiki nyingi kabla ya upepo kukomaa. Mbao zilikaa kavu, kamba zilikaa kwenye unyevu, mikono ya mabaharia ililainika, kisha siku moja vyote vikatakiwa viamke pamoja, mbele ya watu wanaopiga vigelegele.

Mashua iliyovutwa juu ikakaa mwezi mmoja au miwili hunywea. Mvua humdanganya mwenyewe, akaiona imelowa kumbe chini, kwenye magogo, upepo unapita na maungio yanafunguka. Ukiiteremsha hivyo hivyo ukatweka tanga, mwanzo itaonekana nzima. Maungio ya juu bado hayajagusa maji. Ikishalala upande kwa upepo, yale maungio makavu ndiyo yanayozama, na maji huingia kwa kasi ambayo ndoo mbili haziwezi kuyafua, yaani kuyatoa nje. Nimeiona mashua nzuri, yenye mabaharia wazuri, ikijaa maji kabla ya kufika boya la kwanza kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo kalafati, yaani kuziba maungio kwa pamba, isifanywe kwa haraka. Toeni pamba yote iliyooza, msiifunike kwa mpya. Pamba mpya itiwe mafuta na ipigwe kwa patasi na nyundo mpaka mlio wake ubadilike. Mafundi wa hapa husikiliza kabla ya kutazama. Kaa karibu na fundi, mshikie pamba, ujifunze mlio huo, kwani siku moja utauhitaji ukiwa peke yako. Chini ya chombo pachomwe kwa makuti makavu, wafe wadudu wanaotoboa mbao, kisha papakwe deheni ya chokaa na shahamu. Wako siku hizi wanaopaka rangi ya dukani peke yake. Siwakatazi, ila rangi haizibi ungio lililo wazi.

Baada ya hapo chombo kinyweshwe. Kitieni nanga kwenye maji mafupi, mkiache kiingie maji siku mbili au tatu mpaka mbao zifure. Kisha kifueni jioni kikauke, mchomeke kijiti ngamani, pale chini kabisa ndani ya chombo, asubuhi mpime. Kipimo changu ni vidole viwili: maji yakizidi hapo kwa usiku mmoja, fundi arudi. Na hata kikipita kipimo hicho, kilazeni kwa makusudi. Watu sita wakae upande mmoja, mmoja aingie ndani atazame maungio ya juu ya upande ule uliozama. Kazi hii inachukua nusu saa, na sijui kwa nini wengi hawaifanyi.

Ngalawa haina kalafati ya namna hiyo. Gogo la mwembe adui yake ni ufa. Jazeni maji ndani ikiwa bado mchangani, mzunguke polepole mkitazama panapotoa jasho. Kamba zinazofunga matengo, yale mbawa za pembeni zinazoizuia isipinduke, zifunguliwe zote kila mwaka na kufungwa upya, hata zile zinazoonekana nzima. Nailoni iliyopigwa jua huonekana imara huku nyuzi zake zinakufa. Ikunje kwa nguvu mkononi. Ikitoa unga mweupe, itupe.

Kamba ndiyo iliyonifundisha mimi. Miaka mingi nyuma tuliingia resi ya mashua mbele ya Mji Mkongwe. Henza, ile kamba ya kutwekea tanga, ilikuwa ya katani, mpya, imenunuliwa siku mbili kabla, nene kidogo kuliko ile tuliyoitoa. Asubuhi, ikiwa kavu, tulitweka bila ya tabu. Tulipopita kisiwa cha Chapwani upepo ukazidi, nikaamrisha tanga literemshwe. Halikushuka. Kamba ilikwishalowa, imevimba, imejibana kwenye kapi. Watu watatu wakaning'inia kwenye kamba kuivuta foromali, ule mti unaobeba tanga, chini, na tanga limejaa upepo. Bado tungeweza kuokoka kwa kuachia demani, ile kamba ya kuvutia tanga, lakini demani ilikuwa imefungwa fundo. Mimi ndiye niliyeruhusu ifungwe, ili mshikaji apumzishe mikono.

Tulipinduka. Foromali ikampiga kijana mmoja begani, mkono ukawa haufanyi kazi. Hakuwa na jaketi okozi; hakuna kati yetu aliyekuwa nalo, kwani sote tulijiona waogeleaji. Wenzake walimshika kwa zamu juu ya ubavu wa chombo. Tulipookotwa na wavuvi wenye mashine, Bububu, kaskazini ya mji, ilikuwa imeshakuwa nyuma yetu. Hakufa mtu, alhamdulillahi, lakini kijana yule hakurudi tena baharini, na mpaka leo nikipita kwao nashindwa kumtazama mama yake usoni.

Tangu siku hiyo nina sharti ambalo silegezi kwa mtu. Kamba yoyote mpya hulowekwa usiku kucha. Kesho yake tanga hutwekwa na kuteremshwa mara kumi, kamba ikiwa imelowa, na kila mara nahesabu. Tanga lisiloanguka lenyewe henza ikifunguliwa halitoki ufukweni. Na demani haifungwi. Mshikaji aizungushe mara moja kwenye mti, ncha ibaki mkononi mwake, akichoka aseme, apokewe. Kisu kikali kikae pahala pamoja panapojulikana na kila mtu, si kiunoni mwa nahodha, maana nahodha naye anaweza kuanguka.

Nimeyataja majaketi. Najua mnavyosema: yanabana, yanazuia kuhama haraka kutoka upande hadi upande. Ni kweli yanazuia kidogo. Fanyeni nayo mazoezi tangu siku ya kwanza, na ikifika siku ya resi mtakuwa mmeshayasahau mwilini. Anayelivaa kwa mara ya kwanza asubuhi ya mashindano ndiye atakayelivua njiani. Kuogelea hakumsaidii aliyepigwa na foromali.

Viroba vya mchanga tunavyotia kuwa farumi, uzito wa kutuliza chombo, visifungwe kwenye chombo hata siku moja. Vihamishwe kwa mikono kwenda upande wa joshi, unakotoka upepo, na chombo kikipinduka vianguke vyenyewe vizame. Mbao zitaelea. Mbao zilizofungiwa mchanga hazielei, na nyinyi hamtakuwa na kitu cha kushikilia.

Sasa upepo. Kusi huanza kuingia Aprili pamoja na mvua, na hukomaa Juni na Julai. Mgeni anayejifunzia upande huu wa magharibi hulaghaika kwa kuwa kisiwa chenyewe kinamkinga. Karibu na ufukwe maji yametulia kama ya mtungini. Ukitoka nje kidogo unakutana na upepo wenyewe. Tena wakati wa kusi upepo na mkondo mkubwa wa pwani vyote vinaelekea kaskazini. Nungwi ni ncha. Ukiipita huna tanga, mbele yako ni bahari iliyo kati yetu na Pemba, yenye kina cha mamia ya mita. Nanga yako haitagusa kitu, na Pemba yenyewe unaweza kupitishwa magharibi yake bila ya kuikaribia. Chombo kikivunjika mlingoti, nanga iteremshwe pale pale wakati chini bado panafikika. Msingoje kwanza mjaribu kuunganisha. Kwa sababu hiyo hiyo nataka mazoezi yote yaanze kwa kubisha: mwende kusini kwanza, upepo ukiwa usoni, mkiwa na nguvu, na mrudi nao mkishachoka. Nimekuta vijana wakifanya kinyume chake, wanateremka na upepo saa nzima kwa raha, kisha wanatumia alasiri yote kutafuta kurudi, na giza linawakuta nje.

Kurudi na upepo kuna hatari yake pia. Tanga letu likipigwa na upepo kwa upande usiotarajiwa, foromali huzunguka na kila kilicho njiani hufagiwa. Wakati wa kuteremka, msukani asizungumze na mtu wala asitazame chombo cha jirani. Atazame tanga na bahari iliyo nyuma yake.

Wenzetu wa Uroa, Chwaka na Matemwe, upande wa mashariki, wana hesabu nyingine, ya mlango wa mwamba, lile pengo la kupitia kwenye mwamba. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huku kwetu hukupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni, na tofauti yake hufika mita nne hivi. Maana yake, baada ya saa kumi maji mengi mno yanatoka kwa kupitia mlango mwembamba huku kusi linasukuma kuingia. Hapo wimbi husimama wima, na ngalawa inayotaka kurudi nyumbani inalikuta limeingoja. Siku za maji mafu mambo ni mapole zaidi, na ndizo siku za kumfundishia mtu mlango. Asifundishwe siku ya bamvua.

Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku, si siku ya resi tu. Wakitaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, ngalawa haitoki. Julai ndio mwezi tunaoupenda kwa mashindano, na Julai hiyo hiyo, tarehe 18 mwaka 2012, meli ya MV Skagit, chombo chenye mashine, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe kwa upepo na mawimbi, wakafa ndugu zetu wengi. Na ile miezi ya kubadilika msimu, ambayo wengine huiona ya kungojea tu, msiidharau. Kimbunga kilichovunja merikebu za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, zikiwa zimetia nanga mbele ya mji kilipiga Aprili 1872. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Kwa hivyo sishushi chombo mapema kwa kuwa tu jua limetoka siku tatu mfululizo. Bahari haishi zinge, haikosi mageuko.

Mabaharia nao wanyweshwe kama chombo. Wiki ya kwanza hakuna kushindana na mtu. Wiki ya pili mnapinduka kwa makusudi, kwenye maji ya kifuani, upepo mdogo, na watu wazima wamesimama kando. Kila mmoja ajue kazi yake chombo kikiwa kimelala: nani anahesabu vichwa, nani anafungua henza, nani anakaa na aliyeumia, nani anaanza kufua. Hesabu ya vichwa ni ya mwanzo, hata kabla ya kushika chombo. Na aliyeambiwa ahesabu ahesabu kwa sauti, kwa majina. Nimeshuhudia watu wanne wakidhani wako watano kwa kuwa kila mmoja alimhesabu aliyemsikia akipiga kelele.

Liko jambo moja gumu kuliko yote haya, nalo ni tajiri. Mwenye chombo amelipa fundi, amenunua tanga, amealika watu wake waje kutazama. Asubuhi upepo umechafuka na yeye amesimama pale anangoja. Kijana mgeni hawezi kumwambia hapana. Basi mambo haya yasemwe mapema, chombo kikiwa bado kwenye magogo: nahodha akisema hatutoki, hatutoki, na hakuna atakayepoteza nafasi yake kwa hilo. Tajiri asiyekubali maneno hayo mwezi wa tano hatayakubali mwezi wa saba. Mtafute mwengine, wako matajiri waungwana wengi, na baharia mwenye nidhamu hakosi chombo.

Siku yenyewe ya resi hakikisheni ipo boti ya mashine inayofuata nyuma, mafuta yamo, na dereva wake hashindani na mtu wala habebi watazamaji. Simu mbili zitiwe kwenye mifuko miwili ya nailoni, iliyofungwa vizuri, moja kwa nahodha na moja kwa mtu mwengine. Maji ya kunywa yawemo, na madumu mawili matupu yaliyofungwa vifuniko, ya kushikilia. Kuleni kabla ya kutoka.

Kisha andikeni majina. Kipande cha karatasi, kila aliyepanda, pamoja na yule aliyeruka ndani dakika ya mwisho kwa kuwa mwenzake hakufika. Huyo ndiye anayesahauliwa. Apewe mtu mmoja mzima, asiyepanda chombo chochote siku hiyo. Hapa kwetu kazi hiyo kwa sasa ni yangu. Vyombo vikirudi naita jina moja moja, naitikiwa, natia alama. Zawadi hutolewa, watu hula, ngoma hupigwa, na mimi bado niko pale chini ya mvinje mpaka jina la mwisho liitike.