Likizo ya Mashambani Ufaransa: Panga Nyumba Sarlat, Ukae Wiki Nzima

Wengi wanaoniuliza kuhusu likizo ya Ufaransa huja na ratiba iliyojaa: Paris siku mbili, Nice siku mbili, kasri moja njiani, kisha uwanja wa ndege. Ushauri wangu ni ule ule kila mara. Chagua mji mmoja mdogo wa mashambani, panga nyumba humo kwa wiki nzima, na mizunguko yako yote ianzie hapo. Mji ninaoupendekeza ni Sarlat, katika mkoa wa Dordogne, kusini-magharibi mwa nchi. Nimeuzoea kwa sababu dada yangu anaishi Bordeaux, na watoto wetu wamekulia Sarlat likizo hadi likizo.

Sarlat ina wakazi kama 9,000 tu. Ulianza kwa kuizunguka abasia ya watawa Wabenedikto, ukatajirika, na majumba mengi unayoyaona leo ni ya karne ya 15 na ya 16. Kuta ni za mawe ya chokaa ya manjano, na paa za zamani zimeezekwa kwa mawe bapa ambayo wenyeji huyaita lauze. Simama chini ya paa moja la namna hiyo utazame juu: jiwe limelalia jiwe, safu juu ya safu, na mteremko ni mkali sana ili uzito ule wote ushukie kwenye kuta badala ya kuzilemea boriti. Mafundi wanaojua kazi hiyo wapo bado, na ukibahatika utawakuta juu wanatengeneza.

Mji huu ulikaribia kuporomoka kwa kutelekezwa. Uliokolewa na sheria ya tarehe 4 Agosti 1962, ambayo watu huiita kwa jina la André Malraux, waziri wa utamaduni wa wakati ule. Sheria hiyo ililinda mitaa mizima ya kale, si jengo moja moja, na Sarlat ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kukarabatiwa. Sisi tunaoupenda Mji Mkongwe wa Unguja na kuumia kila baraza linapoanguka tuna sababu ya kwenda kuangalia jambo hilo lilivyowezekana.

Kwa nini ulale mjini? Kwa sababu kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni, hasa Julai na Agosti, mabasi ya watalii hushusha watu na vichochoro vinajaa. Wanaokuja na kuondoka siku hiyo hiyo wanauona mji ukiwa katika hali yake mbaya. Toka saa moja asubuhi, wakati maduka ya mikate ndiyo yanafungua. Pita mbele ya nyumba aliyozaliwa mwandishi Étienne de La Boétie mwaka 1530, ukute madirisha yake yaliyochongwa bila kichwa cha mtu mbele yako, kisha zunguka nyuma ya kanisa kuu la Saint-Sacerdos ulione jengo refu la mviringo la karne ya 12 linaloitwa Lanterne des Morts, yaani Taa ya Wafu. Usiku nako taa za gesi huwashwa vichochoroni, na mwanga wake unazipendeza kuta zile kuliko jua la mchana.

Siku ya soko kubwa ni Jumamosi; Jumatano lipo pia lakini dogo. Meza huanzia uwanja wa Place de la Liberté na kufuata barabara kuu iliyokata mji vipande viwili. Nenda mapema, na mfuko wako. Mwezi Mei na Juni kuna stroberi za Périgord (jina la zamani la mkoa huu) ambazo utazinusa kabla hujaziona. Vuli kuna kokwa za jozi na mafuta yake, na majira ya baridi kuna truffle, uyoga mweusi unaoota chini ya udongo kwenye mizizi ya mialoni. Mimi huenda moja kwa moja kwa wauza jibini la mbuzi liitwalo cabécou. Ni viduara vidogo, unene wa kidole, na muuzaji amevipanga kwa umri: vya siku chache ni laini na vyeupe, vya wiki kadhaa vimekauka na vina ukali. Omba uonjeshwe vyote viwili, hakuna atakayekukatalia. Ukimaliza, ingia kanisa la zamani la Sainte-Marie, ambalo siku hizi ni soko la ndani. Milango yake mirefu mno ya chuma ilibuniwa na Jean Nouvel, msanifu majengo maarufu aliyekulia hapo hapo Sarlat.

Kwa ndugu zangu Waislamu, niseme wazi mapema: huu ni mkoa wa bata. Bata huwekwa katika kila kitu, na hata viazi vya Sarlat, vinavyonukia kitunguu saumu na kotimiri, hukaangwa kwa mafuta ya bata au bata bukini ambaye hakuchinjwa kihalali. Vyakula vya kupaka kwenye mkate navyo mara nyingi vina nguruwe ndani. Ndiyo sababu nasisitiza nyumba ya kupanga yenye jiko, ambayo Wafaransa huiita gîte, kuliko hoteli. Ukipitia Bordeaux, mtaa wa Saint-Michel uko karibu na kituo cha treni na una mabucha ya halali. Nunua nyama yako pale, uisafirishe ikiwa baridi. Mengine yote, yaani mayai, mboga, matunda na samaki, utayapata Sarlat.

Sasa mashambani. Mto Dordogne uko kilomita chache kusini mwa mji, na siku nzuri kuliko zote ni ile ya kukodi kayaki. Mnapandia karibu na Vitrac au Cénac na kuteremka na maji hadi Beynac. Mkondo ni wa taratibu wakati wa kiangazi, wanaokodisha huwapa jaketi za kuokolea, na mwisho wa safari wanawarudisha kwa gari. Mtapita chini ya La Roque-Gageac, kijiji kilichobanwa kati ya jabali na mto. Jabali linaelekea kusini na kukusanya joto, hata kuna bustani yenye migomba na miti ya jamii ya mitende nyuma ya nyumba. Mbele kidogo mtaona ngome mbili zinazotazamana ng'ambo kwa ng'ambo: Beynac, iliyokuwa ya Wafaransa, na Castelnaud, iliyoshikwa na Waingereza kwa muda mrefu wakati wa Vita vya Miaka Mia. Castelnaud ina makumbusho ya silaha za zamani, na mitambo mikubwa ya kurushia mawe. Watoto hawataki kutoka.

Lakini mahali ambapo nisingekubali Mwafrika yeyote apapite ni kasri la Milandes, jirani na Castelnaud. Hapa aliishi Joséphine Baker. Alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1906, katika ufukara na ubaguzi, akaja Paris akawa nyota, akafanya ujasusi kwa ajili ya Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1947 akalinunua kasri hili. Humo alilea watoto 12 aliowaasili kutoka nchi na dini mbalimbali, kwa makusudi, ili kuonyesha kwamba wanadamu wanaweza kuishi kama ndugu. Madeni yalimshinda, na mwaka 1969 alitolewa kwa nguvu. Ipo picha yake amekaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni, amejifunika, amefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Tembea chumba hadi chumba bila haraka: magauni yake, nishani zake, bafu lake. Kisha toka nje ukazitafute ngazi zile. Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ilimwingiza Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa taifa, mwanamke wa kwanza mweusi kupewa heshima hiyo. Waelezeni watoto habari hii kabla ya kufika, maana wakiijua wataingia kwa adabu nyingine kabisa.

Upande wa kaskazini kuna bonde la mto Vézère na mapango yake yenye michoro ya watu wa kale. Lascaux iligunduliwa na vijana tarehe 12 Septemba 1940, ikafungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi na joto la wageni viliharibu michoro. Unachoingia leo, pale Montignac, ni nakala kamili iliyofunguliwa Desemba 2016. Ni kazi ya hali ya juu, lakini mimi nikipewa nafasi moja tu naichagua Rouffignac, kwa sababu ile ni halisi: mnapanda treni ndogo ya umeme, mnaingia ndani kabisa ya kilima, na taa inapoelekezwa ukutani mnaona mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya, waliochorwa maelfu ya miaka iliyopita kwa mistari michache yenye uhakika. Font-de-Gaume, huko Les Eyzies, nayo ni halisi na ina rangi, ila huingiza watu wachache kwa siku, hivyo ulizia tiketi mapema sana. Mapango yote ni baridi hata Agosti. Sweta ni lazima.

Usafiri: treni ya moja kwa moja kutoka Bordeaux Saint-Jean inaishia Sarlat, chini ya saa tatu. Kwa mji na mto unaweza kuishi bila gari, na kuna njia nzuri ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani, tambarare na haina magari. Kwa mapango na Milandes kodi gari kwa siku mbili au tatu. Mabasi ni haba mno. Vijijini uwe mwangalifu kwenye njia panda: pasipo alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita.

Mgahawa unaotoa chakula cha mchana hupokea watu kati ya saa sita na saa nane tu. Ukifika saa nane na nusu utalala njaa hadi jioni. Jumapili mchana maduka hufungwa. Na usianze kuuliza bei kabla ya kusema bonjour. Anayetoka kwetu, alikofundishwa kwamba kutosalimia ni utovu wa adabu, atalielewa hilo bila kufundishwa.

Miezi yangu ni Juni na Septemba. Viza ya Schengen unaweza kuiomba hadi miezi sita kabla, na bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Ukifikia kwa ndugu badala ya kupanga, yeye ndiye anayekwenda ofisi ya meya wa mji wake kuomba attestation d'accueil, barua ya kuthibitisha kuwa atakupokea kwake, na barua hiyo huchukua muda, kwa hiyo mwambie aianze kabla hujakata tiketi.