Kwa Jirani Nako ni Ugenini

Juzi usiku binti mmoja wa Njombe alinitumia ujumbe. Amechaguliwa kwenda kujitolea Lundazi, mashariki mwa Zambia, kwa miezi tisa, na swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, nibebe nini?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikashangaa nimejaza ukurasa. Nikaona bora niyaweke hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna barua ya kuchaguliwa kama yake au mnaisubiri kwa hamu.

Mimi nilikwenda Malawi Septemba 2023, wilaya ya Rumphi, kaskazini. Nilikuwa na shahada ya kilimo, begi moja, na kiburi ambacho wakati ule nilikiita kujiamini. Wenzangu waliopata nafasi za mbali walikuwa wanahangaika na viza na makoti. Mimi Malawi ni hapo tu! Unapanda Coaster Mbeya, unapita Tukuyu ukiangalia migomba, unashuka Kasumulu, unavuka daraja la Mto Songwe. Pasi ikagongwa muhuri, viza sikuulizwa. Wanakula ugali kama sisi, wanakula dagaa kama sisi, ila wao dagaa wanawaita usipa. Nikajiambia hapa sina cha kujifunza, nimekuja kufundisha.

Anayetoka Ulaya anajua amefika ugenini, kwa hiyo anauliza kila kitu, hata choo kinavyotumika. Wewe wa jirani unaona kila kitu kinafanana na kwenu, unanyamaza, unakosea. Na wenyeji hawakusamehi upesi kama wanavyomsamehe yeye, kwa sababu sura yako inasema unajua.

Usiku wa tatu nilisikia ngoma zikilia kwa mbali mpaka usingizi ukanipitia. Asubuhi, nikitaka kumfurahisha Mama mwenye nyumba niliyopangiwa, nikamwambia kwa Kitumbuka changu cha kubangaiza kwamba nimesikia ngoma usiku na nimeipenda. Akaniangalia. Akawaita watoto, akaniambia nirudie. Kumbe kwa Watumbuka ngoma ni mahindi. Ya kupigwa ni ng'oma, kwa ile ng' ya ng'ombe. Nilikuwa nimemwambia mahindi yake yananiimbia gizani. Tangu siku hiyo, mtoto akipita na gunzi lazima alisogeze sikioni kwangu aulize kama nasikia kitu.

Hiyo ilikuwa ya kuchekesha. Inayofuata hainichekeshi sana.

Nilipewa kundi la akina mama 14 wenye bustani za dimba, yaani zile za mabondeni karibu na maji, wanakolima mboga kiangazi. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha kutengeneza mboji. Sasa, saa za Malawi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na simu nilisharekebisha tangu mpakani, nikajiona mjanja. Wao pia hawahesabu saa kuanzia macheo kama sisi. Wanazisoma kama mshale unavyoonyesha. Hata hilo nililijua. Lakini jioni ile nilikuwa nimechoka, maneno yameniishia, na nilipotaka kuwaambia tukutane saa tatu asubuhi nikanyoosha vidole vitatu. Wote wakaitikia kwa kichwa.

Kesho yake saa tatu nilikuwa chini ya mwembe. Nimeshakata majani makavu, samadi imenifika viwikoni, tabaka la kwanza nimelipanga na kulimwagilia. Saa nne ikapita. Saa tano nikaanza kuongea peke yangu. Saa sita nikaandika kwenye daftari langu la kazi, na daftari hilo ninalo mpaka leo: "Watu hawa hawako siriasi na maendeleo." Nikarudi nyumbani, nikajifunika shuka.

Saa tisa alasiri mtoto akaja mbio. Wamefika wote 14, na majembe, mmoja ana kichanga mgongoni, wanauliza mwalimu amepotelea wapi. Tatu yao ndiyo ilikuwa imefika. Wao ndio waliofika kwa wakati, aliyekuwa amelala ni mimi.

Sikuwaambia nilichokiandika. Nimewaambia ninyi.

Halafu kuna salamu. Nitarudia neno hili mpaka mlichoke: salamu. Sisi tukimwambia mzee shikamoo, heshima tumeshamaliza, tunaendelea na "umeamkaje" bila wasiwasi. Kwa Kitumbuka heshima inakaa kwenye kiambishi. Mtu mzima, hata akiwa peke yake, unamwita kama wengi: Muli uli? Mimi na usomi wangu nikachambua: "mu" ni wingi, mzee ni mmoja, basi itakuwa "Uli uli?" Nikaitoa hivyo hivyo kwa mkuu wa kijiji, amekaa kwenye kiti chake barazani, watu wamemzunguka. Hakunigombeza. Alinijibu polepole, akaendelea na mazungumzo yake. Nikaondoka nimefurahi kwamba sarufi imekubali.

Jioni Mama alikuwa anasonga sima, mimi nimeshika taa. Bila kuinua macho akasema, "Mzee umemsalimia kama mtoto aliyemwaga maji." Akaendelea kusonga. Ile sauti ya mwiko kwenye sufuria ndiyo ninayoikumbuka kuliko maneno. Asubuhi nilirudi pale barazani, nikapiga magoti, nikakutanisha viganja, nikasema "Mwauka uli" vizuri. Mzee akacheka, akaagiza niletewe kigoda.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: jifunze salamu kabla hujajifunza kuomba maji. Wa pili: muulize mtu wa nyumbani umekosea wapi, kila jioni, hata kama unadhani hukukosea. Wa tatu ni huo wa kwanza.

Malaria niliugua mara moja, nikapona, haina hadithi.

Hela ina hadithi. Posho yangu ilikuwa kwacha 85,000 kwa mwezi, na mkataba uliandikwa kwa kwacha. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ikashusha thamani ya kwacha, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44. Dola iliyokuwa kwacha 1,180 hivi ikawa 1,700. Yaani nililala na dola 72, nikaamka na 50, na kuhamia nyumba nyingine sikuhamia. Sukari ikapanda, sabuni ikapanda, nauli ya kwenda Mzuzu ikapanda. Nilipouliza ofisini kama posho itaangaliwa upya, niliambiwa mimi ni Mwafrika, nitazoea.

Hapo naomba mniruhusu niseme linaloniuma. Shirika hilohilo lililonipeleka lilikuwa na kijana wa Kijerumani, mpole, sina ugomvi naye. Yeye alikuwa na nyumba yenye sola, bima ya afya, na mtu wa kumpigia simu kila Jumatatu. Siku wageni walipokuja kukagua bustani, yeye ndiye aliyesogezwa mbele kueleza mboji. Alieleza vizuri, nakiri, maana nilimfundisha mwenyewe wiki mbili kabla. Nilisimama nyuma na keni ya kumwagilia mkononi. Mama mmoja wa kundi akanibana mkono, akasema "yewo". Asante. Wageni wakapiga picha, nami nimo, kiwiko.

Vijana wenzangu, kujitolea si kujidharau. Soma mkataba kabla hujapakia begi. Uliza posho imeandikwa kwa hela gani na ikishuka nani anabeba. Uliza bima. Uliza mwenzako wa pasi nyingine anapewa nini, na wakikuona una tamaa, wakuone. Akiba yako ya nyumbani iache kwa shilingi, usiibadilishe yote mpakani kama nilivyofanya. Na salimia watu.

Ila ule umaskini wa posho ndio ulionifanya nile chungu kimoja na familia, na mpaka Krismasi Kitumbuka changu kilikuwa kinaweza kugombana sokoni na kushinda. Yule kijana mpaka anaondoka alikuwa na "yewo" na "muli uli". Ninajivunia. Bado naitaka ile nyumba ya sola.

Haya, mdogo wangu wa Njombe, ulichouliza. Beba vitenge viwili, tochi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wanaweza kuiuliza mpakani. Mengine utayakuta. Lundazi nako Kitumbuka kinaongewa, kwa hiyo la ngoma nimeshakuokoa.

Mama bado ananitumia ujumbe wa sauti kila mvua zikianza. Wa mwisho ulikuwa wa sekunde tisa: ngoma imeota, na nyuma yake mtoto anauliza kama nimeisikia.